Kiti cha Aliyeita Bei

Mchoro ule ulikuwa mzuri, hilo lisemwe kwanza ili haki itendeke. Mstari wa kijani ulianzia chini kushoto kwenye shilingi milioni moja, ukapanda miaka mitano karibu bila kuyumba, ukaishia juu kulia kwenye milioni kumi na moja. Fausta Simkoko aliuchora mwenyewe, kwa programu aliyoiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Siku alipouona mara ya kwanza alicheka peke yake chumbani hadi mama yake akaja kuuliza kulikoni.

Programu yenyewe ilikuwa hivi. Fausta aliilisha kompyuta bei za hisa za soko la Dar es Salaam za miaka minane, kila kampuni, kila siku. Kompyuta ikazitafuna, ikajifunza yenyewe hisa ipi huwa inapanda baada ya nini. Ikishajifunza, ilikuwa inaamua bila kuulizwa: leo nunua hii, kesho uza ile, na amri inakwenda moja kwa moja kwa dalali kwa mtandao. Ili kujua kama imeelewa, Fausta aliipa miaka mitano ambayo haikuwa imeiona na kuiambia ijifanye inafanya biashara. Ndipo ukatoka ule mstari wa kijani.

Angeishia kucheka chumbani, mambo yangekuwa mepesi. Lakini chumba kilikuwa cha baba yake mdogo, Clement Simkoko, na kompyuta ilikuwa ya Clement, na ada ya chuo kule Mbeya aliilipa Clement baada ya baba yake Fausta kufariki. Mtu akikulea hivyo, huwezi kumficha ulichokipika jikoni kwake. Clement aliuangalia mstari dakika nzima bila kupepesa. Wiki iliyofuata mstari ulikuwa umechapishwa kwenye bango la turubai, upana wa mita tatu, umetundikwa nje ya ukumbi wake wa harusi pale Tunduma, na juu yake maandishi: MASHINE YA SIMKOKO.

Watu wa Tunduma hawadanganywi kirahisi. Wanajidanganya wenyewe, tena kwa pamoja, na wakiwa wamevaa vizuri. Katika miezi miwili Clement alipata familia sitini. Walikuwemo wakulima wa mpunga wa Msangano, wafanyabiashara wa Isongole, watu wa kahawa kutoka Mbozi, na wengine wa huku huku mjini wanaouza mahindi upande wa pili wa mpaka. Kila mmoja angeleta hela yake taslimu siku ya Ijumaa ukumbini, wale chakula, waweke sahihi, na mashine ianze kazi. Kidole kimoja hakivunji chawa, aliwaambia Clement, na watu wakaitikia kwa vichwa.

Jumanne ya wiki hiyo Fausta alikuwa barazani, kompyuta mapajani. Mama yake, Roda, alikuwa kando yake akichambua maharage kwenye ungo. Roda huyu zamani alikuwa mbadilishaji wa kwacha, hela ya Zambia. Miaka kumi na tisa alikaa na stuli yake karibu na mpaka, mabunda ya noti kwenye kanga, akiwasalimu akina mama wa Zambia kwa lugha yao, "Mulishani, mayo," na kuwapigia hesabu kichwani kabla hawajamaliza kuitikia. Kazi ile ya barabarani ilipokatazwa aliiacha, lakini macho ya kazi hayakustaafu.

"Hapa pamelala," alisema, akionyesha kioo kwa kidole chenye vumbi la maharage.

Ilikuwa hisa ya kampuni moja ndogo, ile iliyoiletea mashine faida kuliko zote. Bei yake ilikwenda sawasawa wiki mbili nzima, mia tatu na themanini, halafu ghafla ikaruka hadi mia nne na ishirini.

"Bei ilitulia, mama. Mashine imegundua kwamba hisa nyingine zikishapanda na hii bado imelala, basi nayo iko karibu kuamka. Inainunua ikiwa bado usingizini. Ndiyo akili yake hiyo."

"Sawa. Wiki hizo mbili waliuziana ngapi?"

"Bei ilikuwa mia tatu na themanini."

"Sijakuuliza bei," Roda alisema. "Nimekuuliza waliuziana ngapi. Nani aliuza, nani alinunua?"

Fausta alifungua faili la mwanzo, lile alilolipata kabla hajaligusa. Safu ya bei ya wiki zile mbili ilikuwa tupu. Safu ya idadi ya hisa zilizouzwa ilikuwa sifuri, sifuri, sifuri, mpaka chini. Akakumbuka. Mwanzoni kabisa kompyuta ilikuwa inagoma kwa sababu ya siku zisizo na bei, naye akaandika mstari mmoja tu wa kuiambia: siku ukikuta patupu, jaza bei ya jana. Mstari mmoja mfupi. Aliuandika akinywa chai, wala hakuufikiria tena.

Bei haikuwa imelala, basi. Haikuwepo. Hakuna aliyeuza kwa mia tatu na themanini na hakuna ambaye angeuza, kwa sababu wenye hisa hizo nao waliona hisa nyingine zinapanda. Mashine ilikuwa imenunua mara mia kutoka kwa watu wasiokuwepo, ikawauzia watu wasiokuwepo, na faida yote ikaipata hapo.

Alizifuta siku zile tupu, akaifundisha mashine upya, na kuiambia inunue pale tu palipo na muuzaji wa kweli. Maharage yalikuwa yamekwisha kuoshwa na kubandikwa ilipomaliza. Milioni moja ya mwanzo, baada ya miaka mitano na makato ya dalali, ilibaki laki tisa na kidogo. Siku nyingi mashine mpya ilikuwa na neno moja tu: tulia.

Fausta aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Halafu, kadiri alivyozidi kuitazama ile laki tisa, aibu ikageuka hasira, na hasira ile ilimfaa zaidi.

Jumatano asubuhi alimfuata Clement dukani kwake. "Shikamoo, baba mdogo. Mstari ule si wa kweli. Nimekosea mimi."

Alimweleza yote, polepole, mpaka kwenye ule mstari mmoja wa kujaza siku tupu. Clement alisikiliza huku akipanga risiti. Si mjinga, alielewa mapema kuliko Fausta alivyotarajia.

"Nani alikuomba ukague?"

"Mama aliuliza."

"Mama yako alikuwa anauza kwacha kwenye vumbi. Mwanangu, sikia. Watu sitini wanakuja keshokutwa. Nimeshalipia ng'ombe wa kuchinja. Jina langu liko kwenye turubai. Unataka nisimame niwaambie nini?"

"Ukweli."

"Ukweli utaurekebisha hela zikishaingia. Mashine si inajifunza? Basi itajifunza na hela zao." Akaziweka risiti chini. "Ijumaa kazi yako ni kuwasha kompyuta na kukaa. Ukifungua mdomo, kompyuta naichukua na chumba ninyi mnakihama, wewe na yeye. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Fausta."

"Basi livunjike," alisema Fausta, naye akashangaa jinsi sauti yake ilivyotoka bila kutetemeka. Akaaga kwa heshima zote, kama alivyofunzwa.

Ijumaa ukumbi ulijaa saa tatu. Viti vya plastiki mia moja vilivalishwa vitambaa vyeupe vya harusi. Clement alikaa mbele kwenye kiti cha bwana harusi, kile kikubwa cha mti na velveti nyekundu, ambacho hubebwa na vijana wawili. Watu walishika mikoba na bahasha mapajani. Ezron, mkulima wa kahawa kutoka Mbozi, mwanamume wa miaka hamsini na nane, alikuwa ameuza ng'ombe wawili, na bahasha yake aliifunga kwa kamba ya katani. Roda alikuja na stuli yake ya mpakani, akaiweka nyuma kabisa, akakaa.

Sala ilisaliwa. Projekta ikawashwa, mstari wa kijani ukapanda ukutani, na chini yake bei za hisa za asubuhi hiyo. Clement hajamaliza kusafisha koo, Fausta akasimama.

"Wazazi wangu, shikamooni. Mashine hii nimeitengeneza mimi. Mstari huu ni wa uongo, na mwongo ni mimi, ingawa sikukusudia. Msitoe hela zenu."

 Fausta akawaeleza siku tupu ni nini, na jinsi alivyozijaza. Wengine walifuata, wengine walibaki wamekunja nyuso, na katika kukunja kule Clement akapata mlango. Alicheka kicheko kizuri cha mwenyeji.

"Binti yangu ana moyo wa woga, marehemu kaka naye alikuwa hivyo hivyo. Jamani, kizuri chajiuza. Mnataka kuona bei? Siku tupu za nini? Hii hapa hisa anayoisema, leo asubuhi, ndiyo hiyo ukutani." Akaigonga kwa fimbo. "Mia nne na ishirini. Ukitaka hela yako unabonyeza tu, unaondoka nayo. Mia nne na ishirini!"

"Nipe," ikasema sauti kutoka nyuma.

Vijana walicheka. Lakini akina mama watano au sita wa makamo, waliowahi kukaa na stuli pale mpakani, hawakucheka hata kidogo. Waligeuka wote kumtazama Roda, kwa sababu neno hilo walilijua.

Desturi ya wabadilishaji ilikuwa moja na haikuandikwa popote. Ukiita bei, uwe nayo mkononi. Mtu akikuambia "nipe," unampa, kwa bei ileile uliyoiita, papo hapo. Ukishindwa, hakuna wa kukutukana wala kukufukuza. Unainuka mwenyewe, unabeba kiti chako mwenyewe, unatoka mbele za watu, na siku hiyo hufanyi biashara. Hakuna anayeruhusiwa kukusaidia kukibeba.

"Shemeji," Clement alisema, "hapa si mpakani."

"Umeita bei mbele za watu, shemeji," Roda alijibu. "Nami nimesema nipe."

Fausta alikuwa ameshatoa simu. "Hisa mia tano za majaribio ulizonunua mwezi wa tatu zipo kwenye akaunti yako kwa dalali, baba mdogo. Ni hizi hizi. Naziuza sasa hivi, kwa bei uliyoiita. Ruhusu tu."

Angekataa vipi, na macho mia moja na ishirini yakimtazama? "Uza," alisema.

Fausta akatuma amri. Ukutani, mahali pa mchoro, akaweka ukurasa wa soko wenyewe: upande wa wauzaji, hisa mia tano kwa mia nne na ishirini. Upande wa wanunuzi hapakuwa na kitu. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, na soko lingefungwa saa kumi.

Wakakaa. Nusu saa ya kwanza watu walitazama ukuta tu. Saa ya pili wakaanza kuulizana habari za mbolea. Kila mara mtu aliinua macho, akayashusha. Upande wa wanunuzi ulibaki mweupe.

Saa sita Clement alisimama na kutangaza chakula, na kwamba wakati watu wanakula, meza ya kupokea hela iko wazi pale mlangoni ili wasipoteze muda.

"Chakula tule, asante," alisema Fausta. "Hela zikae mapajani. Mmezitunza tangu mavuno, hazitaoza kwa saa nne."

Watu wakala wali na nyama ya ng'ombe wa Clement, nyama nzuri, na wakairudia. Kwenye meza ya mlangoni hakuenda mtu. Clement akamwamuru kijana wa umeme azime projekta, eti inapata moto. Ukuta ukabaki mtupu. Fausta alipanda juu ya kiti chake cha plastiki, akainua simu, na kila baada ya robo saa akasoma kwa sauti: "Wanunuzi, hakuna." Clement alimwambia ashuke. Hakushuka. Alimwambia mara ya pili, kwa jina lake la ubatizo na la ukoo. Fausta akasoma tena, "Wanunuzi, hakuna," na safari hii akina mama wa nyuma waliitikia naye.

Saa nane na dakika ishirini simu ililia mlio mfupi. Fausta aliitazama. Angeweza kunyamaza, na nusu sekunde alitamani anyamaze. Lakini hakuwa amepanda juu ya kiti ili asome yale tu yanayompendeza.

"Zimenunuliwa," alisema.

Ukumbi ulilipuka. Clement aliruka kutoka kwenye velveti. "Mmeona! Mmeona jamani? Nilisema nini mimi? Washa projekta hiyo!"

Projekta ikawashwa, yeye mwenyewe akiwa ameamuru, na ukuta ukasema kila kitu. Hisa zilizouzwa: kumi. Zilizobaki: mia nne na tisini. Wanunuzi: hakuna. Mtu mmoja mahali fulani nchini alikuwa amenunua hisa za shilingi elfu nne na mia mbili, akaenda zake.

Ezron aliomba karatasi. Alikuwa anaandika polepole, akilamba ncha ya kalamu, na ukumbi mzima ukamsubiri kama wanavyomsubiri kwenye mizani ya kahawa, maana huko ndiye huwa wanamwamini. Akasimama.

"Mimi nina milioni tatu hapa. Kwa bei hii ni hisa elfu saba na zaidi. Tuseme nimeshanunua, nataka kuuza niwasomeshe watoto. Hisa kumi kwa siku, ni siku mia saba na kumi na nne za soko. Karibu miaka mitatu, na hapo ni kama ninyi wote mmekaa pembeni mkaniachia njia. Ng'ombe wangu niliwauza asubuhi moja." Akaketi, akaikaza kamba ya katani kwenye bahasha.

Baada ya hapo hakuna aliyehama. Ndilo jambo ambalo Clement hakulitegemea. Alidhani watu watachoka, wataona mabasi yanaondoka, wataweka sahihi ili waende. Kumbe hawa ni watu waliozoea kulala kwenye foleni ya malori na kusubiri bei ya kahawa miezi. Walikaa. Roda alitoa maharage kwenye mkoba, akaanza kuyachambua mapajani.

Saa kumi kamili ukurasa ulibadilika rangi ukutani. Soko limefungwa. Zilizobaki: mia nne na tisini.

Fausta akashuka kwenye kiti.  Alifunga kompyuta, akaifuta kwa kiganja, na kuipeleka mbele mpaka kwenye magoti ya baba yake mdogo.

"Kompyuta yako hii hapa. Chumba tutahama kesho, vitu vyetu si vingi. Programu ninaijua kwa kichwa, ya uongo na ya kweli, na ile ya kweli nitaiandika tena hata kwa kompyuta ya kukodi." Kisha akawageukia watu. "Bei hii niliiita mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Niliiita kwa mchoro, mkaiamini. Sikuwa nayo mkononi."

Akainua kiti chake cha plastiki, akavua kile kitambaa cha harusi na kukikunja vizuri, akakibeba kiti kichwani. Akapita katikati ya ukumbi, mstari mzima, macho yote yakimfuata. Mama yake hakuinuka kumpokea. Alimtazama tu akipita, na Fausta aliona kidevu cha Roda kikitetemeka, jambo ambalo hajaliona tangu msiba wa baba.

Nje kulikuwa na jua la alasiri na vumbi la malori. Alikiweka kiti uani, chini ya bango la turubai, akakaa, mgongo kwa mlango. Alikuwa hana kazi, hana chumba, na anajulikana mji mzima kuwa amekosea. Akavuta pumzi, ikaingia yote mpaka chini.

Nyuma yake, ndani ya ukumbi, alisikia sauti ya mama yake. Haikupazwa.

"Shemeji. Na wewe uliita."

 Fausta alihesabu malori matatu yakipita. Hakuna kiti cha plastiki kilichosogea, hakuna bahasha iliyofunguliwa, hakuna aliyekohoa. Walikuwa wamesubiri tangu asubuhi, wangeweza kusubiri na hili.

Kisha akasikia mti mzito ukikwaruza sakafu. Kidogo, ukasimama. Tena kidogo. Mtu alikuwa anahema. Kiti cha bwana harusi kilifika mlangoni, kikakwama kwenye kizingiti, na yule mwenye kukivuta akaita kwa sauti ndogo, sauti ambayo Fausta hajawahi kuisikia kwa mtu yule, "Fausta. Mwanangu."

Fausta aligeuka, akamtazama, akasogeza kiti chake kidogo kando ili kumwachia nafasi uani. Kwenda kumsaidia, hakwenda. Kila mtu hubeba chake.